Goli la Mia la Kelvin Noske

Kidole changu cha kati cha mkono wa kulia kinaelekea Tarpeel, mji mdogo wa jirani. Nikishika usukani kwenda kaskazini, wenzake wanalala walivyoumbwa, chenyewe kinachomoza pembeni na kuonyesha kule yanakoonekana maghala marefu ya ngano na paa la bati la hoteli yao. Daktari mmoja aliwahi kutaka kukivunja upya ili akinyooshe. Nilimwambia akiache. Kimenizoea nami nimekizoea, na zaidi ya hayo ndicho shahidi wangu.

Kilipinda Jumamosi moja ya Agosti, mwaka 1987, nikiwa kifudifudi kwenye matope katikati ya nguzo mbili ndefu za goli, huku watu wanaokaribia elfu wakija mbio upande wangu: wanaume, wanawake, vibibi na chupa zao za chai, na mbwa wawili. Hawakuwa wakinifuata mimi. Walikuwa wakimfuata Kelvin Noske, mimi nilikuwa njiani tu.

Mambo ya kwetu ni hivi. Mpira wetu unadakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu, hata kwa kumparamia mwenzako mabegani, na mfungaji mzuri hupata magoli mengi katika mechi moja. Mshambuliaji wa mbele kabisa akifikisha goli la mia katika msimu mmoja, mechi inasimama yenyewe. Hakuna anayetoa ruhusa. Watu wanashuka kwenye magari waliyoyaegesha kuuzunguka uwanja, wanaruka uzio, wanamvamia shujaa wao, wanambeba mabegani na kumrudisha chini akiwa hana hata kamba za viatu. Ni siku ya kuhadithiwa mpaka kwa wajukuu. Na katika kila hadithi ya namna hiyo kuna mtu mwingine mmoja ambaye hatajwi ila kwa kicheko, naye ni beki aliyekuwa akimlinda.

Mwaka 1959 beki huyo alikuwa baba yangu.

Clarrie Pascoe hakuwa beki mbaya. Alicheza beki wa mwisho wa Kurrabeel, timu ya kwetu, tangu ujana wake, na walioziona mechi zake wanasema ngumi yake ya kupangua mpira ilisikika mpaka kibandani walikopasha pai za nyama. Lakini alasiri moja, pale Tarpeel, marehemu Bruno Noske, baba yake Kelvin, alimpanda mabegani, akadaka mpira juu ya kichwa chake, akapiga la mia. Umati ukaingia. Baba alikuwa chini, akabaki chini. Mpiga picha wa gazeti la wilaya akapiga picha, wenye hoteli ya Tarpeel wakaitia kwenye fremu na kuitundika juu ya kaunta ya baa. Wilaya nzima iliijua kwa jina: ile picha ya Clarrie Pascoe amelala.

Baba hakuwahi kuiona. Hakuikanyaga tena hoteli ile, wala uwanja ule. Timu ikienda kucheza Tarpeel, yeye ghafla alikuwa na kondoo wagonjwa. Na kwa kuwa Tarpeel iko katika njia ya kwenda mjini, kwenye hospitali na mnada, alizunguka kwa barabara ya changarawe, nusu saa zaidi, vumbi mpaka kwenye meno. Siku moja tumebanana watatu kwenye pikapu, kondoo wanalia nyuma, mama akamwambia, "Clarrie, ile ni picha tu. Haiumi."

"Hukulala wewe pale," baba akasema.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Tukaendelea kula vumbi.

Nami nikaja kuwa beki wa mwisho wa Kurrabeel. Sikuomba. Nilikuwa mrefu kiasi, mzito wa mbio, na sikuwa na shabaha hata ya kutupa jiwe mtoni. Kwa mtu wa namna hiyo nafasi uwanjani ni moja tu.

Kelvin Noske watu walimwita Mnara. Alikuwa dereva wa lori la ngano, mikono kama makasia, na alipotoka mbio kuufuata mpira ardhi iliijua miguu yake. Kumlinda lilikuwa jambo gumu. Jambo gumu zaidi ni kwamba alikuwa na adabu. Angekuwa mtu wa matusi ningemchukia nikapata nguvu. Lakini kila alipofunga aligeuka, akapangusa pua kwa mkono wa jezi, akasema kwa sauti ya mtu aliyekukanyaga kanisani, "Samahani, Ross." Mwaka mmoja aliniomba samahani mara kumi na moja katika mechi moja. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Bandu bandu huisha gogo. Mwaka ule wa 1987, sita hapa, tisa pale, mpaka mechi ya mwisho ya msimu ikamkuta ana magoli tisini na matatu. Mechi yenyewe ilikuwa dhidi yetu, kwao. Wao walikuwa na uhakika wa kuingia fainali na sisi tulikuwa na uhakika wa kushika mkia, kwa hiyo hakuna aliyejali nani angeshinda. Palikuwa na jambo moja tu la kuchezewa, nalo lilizungumzwa wiki nzima katika kila duka na kila zizi la kukatia kondoo manyoya: je, Pascoe wa pili atapanda ukutani kando ya wa kwanza?

"Ross, mwanangu," mama wa posta aliniuliza huku akinipa barua zetu, "fremu unapenda ya mbao au ya chuma?"

Nilicheka. Nikafika kwenye gari nikakaa bila kuwasha. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa naona wazi maisha yangu yaliyobaki yakizunguka kwa barabara ya changarawe.

Asubuhi ya mechi mama alitangaza mezani kwamba anakwenda Tarpeel kunitazama, iwe kwa gari au kwa miguu. Baba alikata nyama yake vipande vidogo sana. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, akazungumza nami habari za Noske.

"Mshike jezi," alisema. "Chini, kwenye kiuno, upande asiouona refa. Mimi sikumshika. Nilijitia muungwana."

"Ndiyo, baba."

"Kidogo tu. Kama unavyochukua chumvi."

Akavaa kofia yake. Akasema kama mama anakwenda, basi lazima mtu wa kuendesha, maana breki za gari lile zilimtaka anayezijua. Mama akachukua blanketi lake. Breki zile zilikuwa mpya.

Kwetu kila mtu huegesha gari akiuelekezea uwanja pua ya gari, ili ukae ndani ukila pai yako, utazame mechi kwenye kioo cha mbele, na timu yako ikifunga upige honi. Nilipokuwa najichua miguu kwa dawa kando ya uzio, nililiona gari letu likiingia. Likapita magari mengine yote hadi mwisho, likasimama. Halafu likageuka. Baba aliegesha kinyumenyume, pua ikiangalia lango la kutokea, injini akaiacha inanguruma muda mrefu kabla ya kuizima. Mama alishuka na blanketi lake. Baba alibaki ndani, madirisha juu, akarekebisha kioo cha nyuma. Akaitazama mechi yote ndani ya kile kioo kidogo, mikono yake kwenye usukani.

Nilimtii. Mpira wa kwanza ulipokuja nilichukua chumvi yangu kiunoni mwa Kelvin, na filimbi ikalia. Faulo. Goli. "Samahani, Ross." Mpira wa tatu nikachukua tena chumvi, filimbi ikalia tena, goli lingine. Mengine mawili alifunga bila msaada wangu. Robo ya kwanza ilipokwisha alikuwa ametimiza tisini na saba, na magari yalikuwa yanapiga honi hata mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja.

"Lete godoro, Pascoe!" mama mmoja wa Tarpeel alipaza sauti kutoka kwenye kiti chake cha kukunja. "Mlaze kijana, baba yake aliumwa mgongo!"

"Na mto!" mwenzake akaongeza.

Kocha wetu, Les Garoni, fundi wa trekta, alinijia na robo ya chungwa mkononi. Hakunipa, akaila mwenyewe. "Ukimshika jezi tena," alisema, "nakutoa namweka shangazi yangu. Ana nyonga ya bandia, lakini ana akili."

Beki wa mwisho hachezi mpira. Anamharibia mwenzake mpira, basi. Ukijaribu kudaka na mtu kama Kelvin, atakudaka na wewe pamoja nao. Njia ni kufika pamoja naye, si kabla wala baada, ukanyoosha ngumi, ukaupangua uende popote ulimwenguni isipokuwa mikononi mwake. Taabu ni kujua saa anayotoka. Macho hayasaidii, kwani kila mshambuliaji anajua kudanganya kwa macho na kwa mabega. Nikaacha kumshika na kuacha kumtazama. Nikamsogelea mpaka bega langu likagusa mkono wake, nikamsikiliza.

Na Kelvin Noske, kabla hajachomoka, alivuta pumzi puani kama farasi anayeona ndoo ya maji.

Robo nzima ya pili sikumwachia kitu. Akivuta pumzi, naondoka. Mpira ukishuka, ngumi yangu iko pale. Kifundo cha mkono kikavimba. Katika robo ya tatu alipata mawili, moja kwa bahati na moja kwa uwezo, la kweli kabisa. Aliruka mpaka nikaona soli za viatu vyake vyote viwili, nami nikiwa chini yake sikuwa na la kufanya ila kumpisha. Tisini na tisa. Watu wakashuka kwenye magari. Wakaja kukaa juu ya uzio pande zote, miguu ikining'inia ndani, kama kasuku wetu wa kijivu kwenye nyaya za simu baada ya mavuno. Nilitupa jicho upande wa gari letu. Kofia ya baba ilikuwa palepale, imetupa kisogo.

Robo ya mwisho ilianza na mvua nyembamba ya kuingia shingoni. Kila mtu wa Tarpeel aliyeushika mpira alimpigia Kelvin. Hawakutazama kama yuko huru. Wangempigia hata angekuwa amekwenda haja. Napangua, unarudi. Napangua, unarudi. Mabeki wenzangu walinizunguka wakiokota mabaki, na mmoja wao aliniambia, "Ross, ndugu yangu, una damu mdomoni." Nilikuwa nimejiuma mwenyewe.

Zilikuwa zimebaki dakika chache. Mpira ulikuja mrefu, mzito kwa maji. Nilisikia ile pumzi, tukaruka pamoja, ngumi yangu ikaupata nusunusu, ukaanguka mbele ya goli. Mpira wetu una umbo la yai, hivyo ukianguka hauna dini. Ulidunda kushoto, ukabadili nia, ukarudi kulia, ukasimama miguuni mwa Kelvin. Hakuuokota. Aliupiga palepale chini, teke la mtu anayefunga mlango. Ukaenda ukiruka-ruka kuelekea katikati ya zile nguzo ndefu, na hapakuwa na mtu yeyote wa Kurrabeel karibu nao isipokuwa mimi, tena nikiwa nyuma ya Kelvin.

Hapa lazima nieleze jambo moja, kwa kuwa yote yamekaa juu yake. Mpira uliopigwa ukiguswa na mtu kabla haujavuka mstari, hata kwa ukucha, hauwi goli tena. Unakuwa pointi moja tu, ya kufutia machozi.

Nilijirusha. Matope yakanijaa mdomoni, mkono ukanyoka kuliko ulivyoumbwa kunyoka, na ncha ya kidole cha kati ikauchoma ule mpira ubavuni. Nikasikia kitu kikikatika, kikavu, kama kijiti cha kuwashia moto. Mpira ukaendelea na safari yake, ukapita kati ya nguzo, ukavuka mstari.

Nikainua uso. Juu yangu alisimama refa wa goli, mzee Athol Lumsden, kofia nyeupe na koti refu jeupe, akitazama chini moja kwa moja kwenye mkono wangu. Alikuwa ameona. Akainua kidole kimoja. Pointi.

Hakuna aliyemtazama. Honi zilikuwa zimeshalia zote kwa pamoja, uzio ulikuwa umeshabaki mtupu, na dunia nzima ya Tarpeel ilikuwa inakuja. Nililiona koti jeupe likimezwa. Kisha nikawa katikati ya miguu: buti za shambani, viatu vya kanisani, soksi za netiboli. Mtu alinikanyaga mgongoni akaomba radhi bila kusimama. Chai ya moto ilinimwagikia shingoni. Mbali kidogo Kelvin alikuwa anapanda hewani juu ya mabega ya watu, na walikuwa wanaimba jina la ukoo wake, jina lilelile waliloliimba mwaka 1959.

Nilitaka kuinuka nikashindwa, si kwa maumivu. Nilijua ni pointi, Athol alijua ni pointi, lakini pale chini, mbele ya ile miguu yote, ukweli wetu ulikuwa mdogo sana. Nikafikiri, kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa. Nikaogopa, nasema wazi. Nikaficha uso kwenye mkono wangu na kungoja waishe.

Ndipo viatu viwili vya kahawia vikasimama mbele ya pua yangu, havikuondoka. Viatu vya kwenda mjini, vilivyong'arishwa kwa ajili ya siku asiyokusudia kushuka garini.

Baba alipiga magoti kwenye matope. Alikuwa hana kofia, anahema, nyonga yake mbovu imemlazimisha kuegemea mkono mmoja. Mtu wa miaka karibu sitini alikuwa amekatiza umati ule wote, wao wakienda kwa Noske na yeye akija kwangu. Alinikinga kwa mwili wake, akanishika bega.

"Nimekuja," alisema sikioni mwangu. "Usimwangalie mtu. Utainuka polepole, tutatembea mimi na wewe mpaka kwenye gari. Nimeliegesha vizuri, linatazama nje."

"Baba."

"Mimi nilingoja mtu aje," akasema. "Siku ile. Nililala pale nikingoja, nikadhani labda kocha, labda yeyote. Hakuja mtu, Ross. Basi wewe usilale. Inuka."

"Baba, ni pointi."

"Pointi gani?"

"Niliugusa. Athol ameona. Tazama."

Nikainua mkono. Kidole kilikuwa kimekaa upande, kinaonyesha kwingine kabisa, kama mtu asiyehusika. Baba alikishika kwa vidole viwili. Alikitazama kwa muda mrefu, mvua ikimdondoka kwenye nyusi. Aliyekuwa akitazama kupitia kioo kidogo cha gari, angeonaje ncha ya kidole? Aliona watu wanakimbia, ikamtosha. Alikuwa ameshuka na kukimbia akiamini kwamba nimefungwa la mia, kwamba jina letu limelala chini mara ya pili, na alikuwa amekuja hivyohivyo.

"Uliugusa," alisema. Uso wake ukaanza kulegea kutoka chini kwenda juu, kidevu kwanza. "Mungu wangu wee. Kijana aliugusa." Na akacheka, tena akalia, vyote viwili pamoja bila kuona haya, na mimi matope yangu mdomoni nikacheka naye.

Kilichobaki alikimaliza Kelvin. Athol alikuwa amempata refa wa kati na kumwambia, lakini watu walipoanza kusikia neno pointi walianza kuchacha. Mwanamume mmoja alimnyang'anya Athol kofia. Kelvin, huko juu mabegani, aliomba ateremshwe. Hawakutaka. Akajiteremsha. Akaja mpaka nilipokuwa, kiatu kimoja kimeshaibwa, akatazama kile kidole mikononi mwa baba. Akageuka akasema kwa ile sauti yake ndogo, ikabidi watu wanyamaze ndipo waisikie.

"Ni pointi. Nilisikia kidole kikivunjika. Ondokeni uwanjani, bado tunacheza."

"Lakini, Kelvin, babu yangu amepanda uzio!" kijana mmoja alilalamika.

"Basi mteremshe," Kelvin akasema.

Iliwachukua muda kuondoka. Kuwatoa watu waliokwisha kushangilia ni kazi kuliko kuwatoa kondoo kwenye shayiri. Les Garoni alikifunga kidole changu kwa utepe pamoja na kijiti cha aiskrimu, akauliza kama natoka. Nikasema shangazi yake apumzike. Baba hakurudi garini. Alisimama kwenye uzio kando ya mama, kichwa wazi, upande wa watu wa Tarpeel.

Mpira mmoja tu ulikuja tena, mwishomwisho, juu sana, unazama kutoka mawinguni. Nikasikia pumzi ya Kelvin. Na kutoka kwenye uzio nikasikia sauti ya baba, aliyokuwa hajaitoa hadharani tangu kabla sijazaliwa: "Mshike jezi!"

Nilikuwa nacheka niliporuka. Niliupangua kwa mkono wa kushoto, ukatoka nje ya mstari, na king'ora kikalia. Tulikuwa tumefungwa vibaya mno. Sikumbuki kwa ngapi. Nakumbuka Kelvin akinishika kwapani nisianguke.

"Samahani, Ross," alisema.

"Kwa nini tena?"

Akafikiri. "Mazoea," akasema.

Tukaingia garini. Baba aliwasha, akatoka langoni pua mbele kama alivyopanga tangu mchana. Kulia ni nyumbani. Akakata kushoto.

"Clarrie?" mama akauliza.

"Nina kiu," alisema baba.

Baa ya hoteli ya Tarpeel ilikuwa imejaa, na ilinyamaza tulipoingia. Mwenye baa, Dot Heffernan, alikuwa anafuta glasi. Alimtazama baba kutoka kichwani kwenye matope mpaka viatu vya kahawia. "Clarrie Pascoe," alisema. "Umechelewa kidogo."

Baba alipenya katikati ya watu. Aliiendea kaunta, akainua uso kwenye ile fremu. Hakuwa na miwani; akanyoosha mkono nyuma, mama akampa yake. Akaivaa, miwani ya kike yenye pembe, na hakuna aliyethubutu kucheka. Alitazama. Akasogea kushoto, akatazama. Akasogea kulia.

"Mimi niko wapi?"

Dot akapanda kiti, akaweka kona ya kitambaa chake kwenye kioo. "Huyo hapo. Chini ya mwavuli wa yule bibi. Kiwiko."

"Kiwiko?"

"Cha kushoto. Kingine chote ni makoti ya watu. Sisi tunajua ni wewe kwa sababu tunajua."

Nilisogea nami nikatazama. Ilikuwa kweli. Kofia, migongo, Bruno Noske juu anacheka, na pale pembeni kwenye nyasi, padogo kama tonge, kiwiko. Ungeweza kudhani ni jiwe.

Baba alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kumtetema, nikamkimbilia nikidhani ni moyo. Kilikuwa kicheko. "Enid!" alisema alipopata pumzi. "Enid, nimezunguka changarawe miaka yote ile kwa ajili ya kiwiko!"

"Fikiria mataili, Clarrie," mama akasema. "Fikiria mataili tu." Na naye akaketi kwenye kiti cha karibu, akajipangusa macho kwa blanketi.

Basi baa yote ikapumua. Mama yake Kelvin alikuwa ameoka keki kubwa yenye tarakimu za mia kwa sukari nyeupe, na kwa kuwa keki hairudi kuwa unga, ikakatwa hivyohivyo. Kelvin alituletea vipande akiwa na kiatu kimoja. Changu kilikuwa na sifuri nzima. Kiu ya baba ilikuwa ya miaka mingi, nayo ilitulizwa na kila mtu mle ndani, hata yule mama wa godoro, aliyekuja kumwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa na mwavuli.

Kelvin hakufikisha mia mwaka ule. Magoli ya fainali kwetu hayahesabiwi humo. Wala hakufikisha mwaka mwingine wowote. Goti lilimsaliti msimu uliofuata. Hajawahi kuniambia neno, na mimi nimemlipia bia nyingi bila kusema za nini.

Wiki iliyofuata gazeti la wilaya lilitoa picha ya umati ukivamia uwanja kwa goli ambalo halikuwapo. Mpiga picha alikuwa amesimama nyuma ya nguzo. Watu wa Tarpeel wote wamo, vinywa wazi, na mbele yao wote, katikati kabisa, mwanamume asiye na kofia amepiga magoti kwenye matope akishika kitu kidogo, kama anayemtoa mtu mwiba. Uso wake umejaa fremu: kidevu, nyusi, mvua, kila kitu. Mimi nimefichwa na koti lake. Kinachoonekana changu ni kidole.

Baba alikwenda ofisi za gazeti akaomba nakala kubwa. Akaipeleka Tarpeel mwenyewe, kwa barabara ya lami, asubuhi baa ikiwa bado haina watu. Dot alitafuta nyundo, baba akamwambia asihangaike, amekuja na yake. Aliitundika kando ya ile ya zamani, akarudi nyuma hatua chache, akatoa mfukoni ile miwani ya mama, akaivaa.

"Hii afadhali," alisema. "Hapa nina uso."